Asiyejibu Hodi

Dirisha la programu liliganda tena asubuhi ile. Mwashamba akaondoa mkono juu ya kipanya, akangoja. Ukibonyezabonyeza kitu kilichoganda unakiongezea mzigo tu. Hilo alifundishwa na shemeji yake Mrisho, aliyeiandika programu hii mstari kwa mstari, na ambaye sasa alikuwa kaburini, Mwenyezi Mungu amrehemu.

"Imekufa?" aliuliza Bwana Swedi, mkuu wa hewa, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti.

"Haijafa. Ina shughuli."

"Shughuli gani ya kunizuia nisione vyumba vyangu?"

"Inazunguka kubisha hodi, bwana. Mrisho aliipa mkono mmoja. Mkono unaobisha hodi ndio huohuo unaochora dirisha. Sasa kama ndiyo inasonga ugali, na wewe unaiita mlangoni, itafanyaje?"

Bwana Swedi hakucheka. Alivuta pumzi ndefu kwa mdomo, kama watu wote wa Mwambani walivyokuwa wakivuta siku hizi, kama mtu aliyepanda mlima na gunia ilhali amesimama tu.

Mji ulikuwa umechimbwa ndani ya mwamba, ghorofa chini ya ghorofa, tangu jua la juu lilipoacha kuwa jua la kuishi chini yake. Hewa ilishuka kwa bomba kuu moja, ikagawanyika vyumba vyote, na kila chumba kilikuwa na koki yake. Koki zote zilitii kompyuta hii moja ya mezani, ya ofisi ya hewa, isiyoungana na kitu kingine chochote duniani. Alfajiri, adhuhuri na jioni programu ilipita kila chumba kwa njia ya spika, ikabisha hodi kwa sauti ya Mrisho. Aliyeitikia, taa yake ilikuwa kijani kwenye dirisha na koki yake ilibaki wazi.

Dirisha likazinduka. Vyumba vyote kijani, kutoka ghorofa ya kwanza mpaka ya mwisho.

"Haya," Bwana Swedi alisema. "Wote wazima, wote wameitikia. Basi niambie, kwa nini watoto wa madrasa kule chini kabisa wameanguka kifudifudi asubuhi hii, mwalimu wao akiwa katikati ya sura? Tumewapandisha kwa winchi. Wazee wao bado wako kule. Mwashamba, hewa inayoingia mjini inawatosha watu waliomo mjini. Nimepiga hesabu mpaka kichwa kinauma. Kuna mtu anakula sahani mbili."

Mwashamba akageuza kiti. Pembeni alikuwa na kompyuta nyingine ya kujaribia, yenye nakala ya programu. Humo ndimo alimokuwa ameshatengeneza ule ugonjwa wa kuganda, akiupa ubishaji hodi uzi wake, yaani mkono wake wa kazi, na uchoraji wa dirisha uzi wake. Hakuwa ameiweka programu mpya kwa kuwa ile ya zamani haijawahi kuzimwa tangu siku za Mrisho, na kila mtu aliogopa kuizima.

Sasa akafungua ile nakala, akaunda chumba cha uongo kisicho na mtu. Akaweka kituo mahali hodi inapoanzia, ili programu isimame hapo na aitembeze yeye mwenyewe, mstari mmoja mmoja, kama mtu anayemshika mkono kipofu.

Hodi ya kwanza. Kimya. Hodi ya pili. Kimya. Hodi ya tatu.

Hapo kosa likazuka, kama inavyotakiwa: chumba hakijajibu. Mwashamba akasogea mstari mmoja mbele. Programu ikalikamata lile kosa. Akasogea mstari mwingine aone italifanyia nini, na hapakuwa na kitu. Mabano mawili, katikati peupe. Kosa lilikuwa limemezwa. Taa ya chumba cha uongo ikabaki na jibu lake la zamani, kijani, na koki yake ikabaki wazi.

Akarudi mistari miwili nyuma, akasoma tena.

Kosa la namna hii kila mwandishi wa programu analijua. Hutaki ujumbe mwekundu umtishe mtu anayetumia, basi unalifunika, unasema nitarudi kulishughulikia, wala hurudi. Lakini Mrisho hakuwa mvivu. Siku moja, Mwashamba akiwa bado anajifunza, walikuwa wamekaa hapahapa na akamwambia: "Mtu yuko kwenye sala, shemeji. Utamlazimisha aikate sala yake aiambie spika karibu? Adabu ya hodi ni mara tatu. Usipoitikiwa unarudi, na humdhanii mtu vibaya." Mwashamba alipenda maneno yale. Hakuwaza wakati ule kwamba adabu ingekuja kuandikwa ndani ya koki.

Bwana Swedi alikuwa anasoma juu ya bega lake. Si mwandishi wa programu, lakini alielewa.

"Kwa hiyo kuna vyumba havina watu na vinavuta hewa."

"Na vingine vina watu wasiojibu."

"Mtu gani asiyejibu hodi mara tatu, asubuhi, mchana na jioni?"

Mwashamba alimjua mmoja. Dada yake Chausiku, mjane wa Mrisho, alikuwa ameketi eda ghorofa ya nne, na wakati fulani alipopelekewa chakula alisema neno ambalo Mwashamba alilipitia juujuu: mimi huyo simwitikii. Taa yake ilikuwa kijani, kwa hiyo Mwashamba hakuuliza zaidi. Tangu mazishi, basi, dada yake alikuwa anapumua kwa sababu ya kosa.

"Andika hivi," Bwana Swedi alisema. "Asiyejibu, afungiwe. Programu ifanye yenyewe, isiniulize. Na iwe tayari hodi ya adhuhuri."

"Koki ikishajifunga haifunguki mpaka mzunguko wa jioni, bwana. Na vyumba hivi ni vya chuma. Mtu hafiki alasiri."

"Na kule chini watu hawafiki hiyo adhuhuri. Nenda kamwamshe huyo unayemwaza. Nimekuona usoni. Kisha rudi uandike."

*

Chausiku alikuwa amekaa mkekani, amevaa nguo zake nyeupe, tasbihi mkononi. Chumba kilikuwa safi na hewa yake nyepesi. Mwashamba alijiona mwizi kwa jinsi kifua chake kilivyofurahi.

Alimweleza yote. Chausiku alisikiliza bila kukatisha.

"Kila alfajiri ananibishia," alisema mwishowe.

"Ni kompyuta, dada."

"Najua ni kompyuta. Sijarukwa na akili. Kile kikohozi kidogo kabla ya hodi, umekisikia? Alirekodi ana mafua. Nikamwambia ngoja upone, akasema watu wanasubiri hewa." Akavuta punje moja ya tasbihi. "Alfajiri ya kwanza baada ya kumzika, alipokohoa, neno lilishafika mdomoni. Nikalimeza. Nimekalia eda ya mtu aliyekufa, Mwashamba. Nikimkaribisha leo, kesho nitamtengea uji. Sasa nitakuwa nimekaa hapa nafanya nini?"

"Ungeniambia."

"Nikuambie nini? Hewa ilikuwa inakuja. Nikasema Mola ananiona."

"Nikiweka sauti yangu, utaitikia?"

"Wewe nimekuitikia tangu huna meno."

Mwashamba akatabasamu, akainuka. Alikuwa ameshaona njia yake: atatoa sauti ya Mrisho, ataweka yake, dada yake ataitikia, na programu itafunga vyumba vitupu kama Bwana Swedi alivyotaka. Watu wa chini watapumua. Alifika mlangoni.

"Na wengine?" Chausiku aliuliza.

"Wengine gani?"

"Unadhani nimenyamaza peke yangu mji mzima? Yule bibi wa ghorofa ya pili masikio yamekwisha. Kuna mtu alipigwa na kiharusi hapa karibu, mdomo haufunguki. Kuna aliyegombana na Mrisho akaapa hataijibu sauti yake mpaka kiama. Wote hao walikuwa wanarehemewa pamoja na mimi. Leo mimi nimepata mdogo wangu aliyesoma kompyuta. Wao wamepata nani?"

"Dada, kule chini watu wanaanguka."

"Wanaanguka, na lazima wapumue. Mimi sikuzuii. Nasema tu usimzike mtu kwa kuwa hakusema kitu."

*

Alipojaribu kuweka faili la sauti yake juu ya lile la Mrisho, kompyuta ilikataa. Faili lilikuwa limeshikiliwa na programu iliyokuwa inalitumia. Hakuna ujanja: programu izimwe kwanza. Na majibu yote ya zamani yalikuwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta tu, hayakuandikwa popote. Ikizimwa yamepotea. Hakutakuwa na kurudi kwenye programu ya Mrisho na kusema tumebadili mawazo.

Akakaa mbele ya yale mabano mawili yaliyo peupe katikati. Bwana Swedi alitaka hapo kati mstari mmoja, funga koki. Mrisho aliacha patupu, maana yake acha koki wazi. Wote wawili walikuwa wameiachia mashine iamue, ila kila mmoja alichagua upande wake.

Akaandika kitu kingine. Chumba kisipojibu, kosa lake lisimezwe, wala koki isiguswe. Kitokee kisanduku cha swali katikati ya dirisha, na jina la chumba, na vitufe viwili: Funga, Acha. Kisiwe na kitufe kilichochaguliwa tayari. Kisijifunge chenyewe baada ya muda. Na mzunguko usiendelee chumba kinachofuata mpaka kidole cha mtu kibonyeze kimojawapo.

"Hiki ni nini?" Bwana Swedi aliuliza alipoona.

"Ni swali."

"Nilisema isiniulize."

"Haikuulizi wewe. Itaniuliza mimi."

"Na utajuaje cha kujibu ukiwa umekaa hapa?"

"Nimeomba watu."

Walikuwa wameshajaa ukumbini, wanawake wa chama cha kuzikana, wamejifunga kanga viunoni, na Bi Hadia mkubwa wao mbele. Hawa ndio waosha maiti wa Mwambani na wapika pilau ya matanga, na hakuna mlango mjini wasioujua. Mwashamba aliwaeleza kazi: wagawane ghorofa, na palipo na simu ya ukutani pasikose mtu. Chumba kisichojibu, waende mlangoni, waingie, watazame kwa macho yao, wapige simu.

Bi Hadia alimtazama. "Sisi kazi yetu huwa ni baada, binti yangu. Leo umetuita kabla."

"Ndiyo, mama. Leo kabla."

"Kuna milango ya komeo la ndani."

"Chukueni mitaimbo."

Adhuhuri ilipokaribia, Mwashamba alisoma bismillahi, akaizima programu ya Mrisho. Dirisha likatoweka. Kwa muda mfupi skrini ilikuwa nyeusi, na akauona uso wake mwenyewe ndani yake, na uso wa Bwana Swedi juu ya wake. Kisha mpya ikawaka.

Sauti yake ikaanza kuzunguka mjini. Ghorofa ya kwanza iliitikia yote, wengine kwa mshangao, mmoja akauliza Mrisho kaenda wapi.

Kisanduku cha kwanza kilikuwa cha bibi wa ghorofa ya pili. Simu ikalia: yupo, anakula, anatusalimia. Acha. Kilichofuata, chumba kitupu, buibui wametanda mpaka kwenye spika. Funga. Mwingine wamehama. Funga. Ghorofa ya nne, chumba cha Chausiku, jibu lilikuja kabla hodi haijaisha; Mwashamba akafumba macho, akashukuru, akafumbua. Mwenye kiharusi, macho yanacheza. Acha. Alianza kuona kama kazi itakwenda. Bwana Swedi, aliyekuwa ameweka sikio lake kwenye simu ya ghorofa ya chini kabisa, alisema, "Wanasema wanaanza kuisikia hewa. Kidogo. Endelea."

Kisha kikatokea chumba cha Mzee Ngwali, ghorofa ya sita.

Bi Hadia mwenyewe alikuwa huko. "Mlango umekomewa kwa ndani," alisema kwenye simu. "Tumeita. Tumepiga chuma na mtaimbo. Kimya. Umeng'ang'ania, mwanangu, unataka muda."

"Mara ya mwisho kumwona ni lini?"

"Ah. Mzee yule hakuwa mtu wa watu. Sisi tuliona taa yake kijani, tukasema anataka faragha yake."

Bwana Swedi aliinua mkono wake uliokuwa huru. "Mwashamba. Kule chini wameacha kuzungumza. Nasikia mtu anahema tu. Kuna vyumba vingapi nyuma ya hicho?"

"Vipo."

"Na vyote vinamsubiri huyo mzee?"

Vilikuwa vinasubiri. Ndivyo alivyoiandika. Kisanduku kilikuwa katikati ya dirisha, Funga, Acha, na mzunguko mzima wa mji umesimama nyuma yake.

"Bonyeza Acha, tupite," alijiambia kwa sauti.

"Ukibonyeza Acha kila mlango mgumu, umerudi kwa Mrisho," Bwana Swedi alisema. Hakusema kwa ukali. "Mlango umepigwa chuma. Binadamu aliye hai angesogea. Mwashamba, huyu wa chini anahema. Namsikia."

Mwashamba alibonyeza Funga.

Kisanduku kikaondoka. Mzunguko ukaendelea, karibu, karibu, karibu. Na kwenye simu ya ghorofa ya sita, sauti ya Bi Hadia ikashuka.

"Subiri. Humo ndani kumegonga kitu."

"Kumegonga vipi?"

"Kama mtu amegonga ukuta. Mara moja. Wanawake, njooni, huku, huku, shikeni hapa."

Mwashamba aliinuka bila kujijua. Hapakuwa na kitufe cha kurudi nyuma. Koki ile sasa ilikuwa ya jioni. Alisikia mitaimbo, chuma kikilia juu ya chuma, mwanamke mmoja akimwita Mzee Ngwali kwa jina la mtoto wake, kama wanavyomwita mtu wanapotaka kumrudisha. Alisimama ameshika simu, anasoma dua moja, akifika katikati anaisahau, anaanza upya. Bwana Swedi alikuwa amekaa chini sakafuni, na simu ya chini kabisa bado sikioni, hatazami popote.

Mlango ukavunjika. Mitaimbo ikaacha kulia.

"Bi Hadia."

"Nipo."

"Mama, niambie."

"Yuko juu ya mswala. Ameinama." Bi Hadia alivuta pumzi. "Amekauka, mwanangu. Huyu si wa leo, wala si wa mwezi huu. Mwamba umemkausha kama nyama ya juani. Kilichogonga ni ile koki yako ilipojifunga, iko ukutani hapa juu ya kichwa chake. Inna lillahi. Sisi ndio tunaozika mji huu, na huyu amekaa humu peke yake, tunapita mlangoni, tunasema kijani."

Mwashamba akakaa. Hakuwa ameua mtu. Alitaka furaha ije na haikuja. Kidole kilikuwa kimebonyeza kabla ya macho kuona, na kama nyuma ya mlango ule pangekuwa na mtu mwenye pumzi, kidole kingebonyeza vilevile.

Bwana Swedi aliinuka, akajipangusa suruali. Rangi ilikuwa imemrudia.

"Unaona," alisema taratibu. "Hakukuwa na mtu. Wote waliofungwa, hakukuwa na mtu. Mashine ingefanya hivyohivyo, na ingefanya mapema. Hilo swali lako halijaokoa roho hapo, Mwashamba, limetuchelewesha. Kabla ya jioni liondoe. Asiyejibu, afungiwe. Leo tumethibitisha."

Mwashamba aligeukia skrini. Katika dirisha kisanduku kingine kilikuwa kimeshatokea, chumba cha ghorofa ya saba, na simu ya ghorofa ya saba ikalia wakati huohuo.

"Mlango umekomewa," ilisema sauti ya mwanamke kijana, inahema. "Tumeita, hajibu mtu. Tufanyeje? Fundi wa winchi anasema kule chini wanaita hewa, anasema fungeni mpite."

Bwana Swedi alinyoosha mkono kuelekea kipanya. Mwashamba akakifunika kwa kiganja chake, na hakukiondoa.

"Vunjeni kwanza," alisema kwenye simu.

"Itachukua muda, dada."

"Nimesikia. Vunjeni."

Kutoka kwenye simu nyingine, iliyokuwa inaning'inia kwa waya wake, mtu wa ghorofa ya chini kabisa aliuliza kama kuna aliyebaki upande huu. Mwashamba alimwambia yupo. Akamwambia asiikate simu, aendelee kusema kitu chochote ili asikike yu hai, na yeye akakaa hapo, kiganja juu ya kipanya, anasikiliza chuma kikipigwa huku na pumzi ikipungua kule.